Bustani za Kilwa Kisiwani: mimea iliyovuka bahari na mikono iliyoimwagilia

Ukitaja Kilwa Kisiwani, wengi wetu tunaona mawe. Msikiti Mkuu na kuba zake, Gereza pale ufukweni, Makutani, na kule mashariki juu ya jabali, kasri la Husuni Kubwa. Vitabu vya sekondari vinatupa dhahabu ya Sofala, pembe za ndovu na sarafu za shaba, halafu Wareno wanafika mwaka 1505 na habari inaishia hapo.

Leo naomba tuyaache mawe kidogo tuzungumze kuhusu bustani. Ndiyo, bustani. Mji wa Kilwa ulikuwa na bustani, na baadhi ya mimea yake ilikuwa imetoka mbali sawa na zile sahani za China tunazozisifia kila siku. Tofauti ni kwamba sahani ukishaifikisha nyumbani kazi imekwisha. Mmea ukiufikisha, kazi ndiyo kwanza inaanza. Kwa hiyo ukijua nini kilikuwa kinaota Kilwa, umejua pia nani alisafiri na nani, nani alikuwa na uwezo, na nani alichota maji.

Mjerumani aliyeandika habari za vitunguu

Tarehe 24 Julai 1505, kundi la meli za Kireno chini ya Francisco de Almeida liliuvamia mji wa Kilwa na kuupora. Miongoni mwa waliokuwa kwenye msafara ule alikuwepo Mjerumani mmoja, Hans Mayr, na maelezo ya safari yenye jina lake yamebaki mpaka leo. Unategemea mtu wa namna hiyo aandike habari za nyara tu. Lakini maelezo yale yanatoa nafasi kubwa kwa mimea kuliko unavyodhani.

Anataja malimau, machungwa, mboga, vitunguu vidogo na majani ya kunukia. Anataja pamba kwa wingi. Anataja mizinga ya nyuki iliyotundikwa mitini, imezibwa kwa majani ya mnazi yaliyosukwa na kuachiwa matundu ya nyuki kuingilia na kutokea. Kuhusu mnazi anaandika kwa kirefu, kama mtu anayewaeleza watu wa kwao ambao hawajawahi kuuona: ukubwa wa tunda, maji yake, nyama yake, mafuta yake na kamba za makumbi. Ameona hata kwamba tembo hugemwa kwenye minazi isiyotoa nazi. Hilo mgema yeyote wa pwani atakueleza vizuri zaidi: ukikata karara ili utomvu utiririke, ua halipo tena, na bila ua hakuna nazi.

Kisha anataja aina ya kunde zinazoota kwenye mimea mirefu kama miti midogo. Hizo ni mbaazi. Na anaueleza mtambuu: majani yake kama ya mtambaazi, unapandwa na kuwekewa vijiti vya kuparamia, na matajiri wanayatafuna majani yale pamoja na chokaa laini mpaka midomo na meno yanakuwa mekundu.

Kuna sehemu moja ambayo tafsiri za siku hizi zinaweza kukupoteza. Utasoma kwamba Kilwa ililima mahindi. Neno la Kireno ni milho, na mwaka 1505 lilikuwa na maana ya nafaka kama mtama. Mahindi yanatoka Amerika, na wakati huo yalikuwa bado hayajaingia kwenye mashamba ya pwani yetu.

Sasa jaribu zoezi dogo. Chukua orodha ile ya 1505, uitoe mbele ya mtu wa Kilwa wa leo, umuulize nini hakimo. Atakwambia: muhogo uko wapi? Mapapai je? Mapera? Na korosho, zao ambalo mikoa ya Lindi na Mtwara inalitegemea? Hayamo, kwa sababu yote hayo asili yake ni Amerika na yalikuja baadaye kupitia njia zilizofunguliwa na Wareno. Yaani mandhari ambayo sisi tunaiona kuwa ni ya pwani ya kusini tangu enzi na enzi, mikorosho kushoto, muhogo kulia, ingemshangaza kabisa mkazi wa Kilwa wa wakati ule.

Njia tatu za mmea kuvuka bahari

Hapa ndipo sayansi inapoingia. Mimea yote hii ya kigeni haikusafiri kwa namna moja. Kwa lugha nyepesi, tunaweza kuigawa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni mimea inayoweza kujisafirisha. Nazi huelea, na inaweza kukaa baharini kwa miezi na bado ikachipua. Ni rahisi kusema basi, mnazi ulikuja wenyewe. Lakini utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuna jamii kubwa mbili za minazi duniani, moja ya Bahari ya Pasifiki na nyingine ya Bahari ya Hindi, na kwamba katika eneo la Madagaska na Komoro jamii hizo mbili zimechanganyika. Watafiti wale waliuona mchanganyiko huo kuwa ni alama ya mabaharia wa Asia ya Kusini-Mashariki, watu walewale ambao lugha yao ndiyo mzazi wa Kimalagasi. Kwa hiyo hata mmea unaojua kuogelea ulipewa lifti.

Kundi la pili ni mimea inayosafiri mfukoni. Mbaazi, pamba, machungwa na malimau unaweza kuvibeba kama mbegu. Jamii ya michungwa ina bahati nyingine: kwa aina nyingi, mbegu moja hutoa zaidi ya mche mmoja, na mara nyingi miche hiyo ni nakala ya mti mama. Mfanyabiashara aliyekula chungwa tamu bandari moja angeweza kuotesha karibu chungwa lilelile bandari nyingine. Limau lenyewe, kwa taarifa yako, ni tunda lililozaliwa kutokana na mchanganyiko wa mdanzi na mfurungu, na mdanzi nao ni mchanganyiko wa mti wa jamii ya balungi na wa jamii ya chenza. Mababu wa miti hiyo wote ni wa Asia. Limau la Kilwa lilikuwa na ukoo mrefu kabla halijakanyaga Afrika.

Kundi la tatu ndilo gumu: mimea inayobebwa ikiwa hai, kama mtoto. Migomba tunayoila haina mbegu za kuotesha. Lazima ubebe chipukizi. Mtambuu nao hupandwa kwa vipando. Ukate kipande cha shina kibichi, ukifunge kwenye unyevu, ukilinde na jua na chumvi kwa wiki kadhaa chomboni, na usikose kaskazi, ile pepo inayovuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi na kuvileta vyombo kutoka India na Uarabuni. Ukichelewa, kusi inakukuta na hakuna safari. Ndani ya chombo kuna kiasi fulani tu cha maji ya kunywa, na kila kikombe anachopewa mmea ni kikombe ambacho baharia hakinywi.

Kwa hiyo ukisoma kwamba mwaka 1505 mtambuu ulikuwa unapandwa Kilwa, usipite haraka. Asili yake ni huko Asia ya Kusini-Mashariki. Kila mtambuu wa Kilwa ni kipando cha kipando cha kipando, mnyororo wa mikono ambao haukukatika. Ungekatika mara moja tu mahali fulani, yaani safari moja bila maji au mwaka mmoja wa uzembe, lazima ungeanza upya kutoka mbali.

Kisiwa kisicho na mto

Maelezo ya 1505 yanasema wazi kwamba kisiwani hakuna maji yanayotiririka, na kwamba bustani zilimwagiliwa kwa maji ya visima. Hapo tuweke nukta kidogo, kwa sababu kisima cha kisiwani si kama kisima cha Dodoma.

Mvua ikinyesha kisiwani inapenya kwenye mwamba wa matumbawe wenye matundu, inashuka mpaka inakutana na maji ya bahari yaliyoingia chini ya kisiwa. Maji matamu ni mepesi kidogo kuliko ya chumvi, kwa hiyo yanaelea juu yake, yakiwa na umbo la dengu: nene katikati ya kisiwa, nyembamba kuelekea ufukweni. Kuna kanuni inayoitwa Ghyben-Herzberg inayosema kwamba kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, ziko takriban mita 40 chini yake. Inaonekana ni neema kubwa, lakini kanuni hiyohiyo inafanya kazi upande wa pili pia. Ukichota mpaka maji yashuke kidogo tu, chumvi inapanda sana.

Mnazi unavumilia chumvi. Mchungwa hauvumilii. Mtambuu unataka kivuli, unyevu wa kudumu na udongo usiokauka, mambo ambayo kisiwa cha matumbawe hakikupi bure. Bustani ya mitambuu pale Kilwa maana yake ni mtu anayechota, asubuhi na jioni, ndoo kwa ndoo, kiangazi chote.

Mtu huyo alikuwa nani? Maelezo ya 1505 yanajibu bila aibu: watumwa walikuwa wengi kuliko mabwana, na ndio waliofanya kazi za bustani na mashamba. Hatuna jina hata moja la watu hao. Jina la sultani tunalo, limechongwa kwenye jiwe na kugongwa kwenye sarafu. Lakini ujuzi wa kuuweka hai mmea wa kigeni kwenye udongo wa matumbawe ulikuwa mikononi mwa watu ambao hawakuandikwa popote. Tukiisifu bustani bila kuwataja, tunarudia kosa lilelile.

Kwa nini wajisumbue hivyo?

Kwa sababu jani la tambuu lilikuwa siasa. Mwaka 1331 Ibn Battuta alisafiri kwenye pwani hii. Alipofika Mogadishu, kabla hata hajaonana na sultani, aliletewa sinia lenye majani ya tambuu na popoo, akamiminiwa na marashi ya maji ya waridi. Hiyo ndiyo ilikuwa namna ya kumwambia mgeni kwamba umepokelewa na watu wenye hadhi. Alipita Mombasa, akaandika habari za ndizi, malimau na zambarau, kisha akafika Kilwa, ambako mtawala alikuwa Al-Hasan bin Sulaiman, aliyejulikana kama Abu al-Mawahib, baba wa zawadi, kwa ukarimu wake.

Huyo ndiye anayehusishwa na ujenzi wa Husuni Kubwa. Kasri lile lina vyumba zaidi ya 100, nyua kubwa, ngazi za kushukia baharini, na birika la kuogelea lenye pande nane. Birika, kwenye kisiwa kisicho na mto! Ni ujumbe uleule wa mtambuu: mimi nina watu wa kutosha na maji ya kutosha kufanya jambo ambalo mazingira haya hayalitaki.

Linganisha na Uingereza. Karne ya 18 na 19, matajiri wa kule walijenga majumba ya mashambani na kuyazungushia bustani za misitu zenye miti kutoka Himalaya, China na Amerika. Mgeni alitembezwa chini ya miti ile ili ajue mwenyeji wake mkono wake unafika wapi duniani. Bustani ya Kew, maarufu kuliko zote, huhesabiwa kuanza mwaka 1759. Wakati huo mitambuu ya Kilwa ilikuwa imekwisha kuandikwa tangu miaka 254 nyuma. Tabia ya kuonyesha ukubwa wako kwa mmea wa mbali haikuanzia Ulaya.

Tahadhari ndogo ya kiafya kabla hatujaendelea: popoo imewekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Historia yake tuisome, kuitafuna ni jambo lingine.

Hata nyumba ilikuwa mmea

Ibn Battuta aliandika kwamba mji wa Kilwa ulijengwa kwa mbao. Wanahistoria wanamshangaa, maana magofu ni ya mawe. Lakini watu wengi wa kawaida waliishi kwenye nyumba za miti na udongo ambazo hazikubaki, na hata zile za mawe zilisimama kwa msaada wa msitu.

Ingia kwenye gofu lolote la nyumba ya kale ya pwani, utaona vyumba ni virefu ila vyembamba, upana wake mara nyingi haufiki mita 3. Sababu si ushamba wa fundi. Dari la mawe na chokaa lilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko inayoweza kubeba mzigo ule ina urefu wake. Chumba kilikuwa na upana ambao mkoko uliruhusu.

Na chokaa? Unachoma matumbawe mpaka kwenye joto la nyuzi zipatazo 900 za Selsiasi, hewa ya ukaa inatoka, unabaki na chokaa unayoizima kwa maji. Joto hilo linatoka kwenye kuni, kuni nyingi. Kila ukuta unaouona Kilwa umekula sehemu ya msitu.

Majina yanayodanganya, na miti inayosema kweli

Lugha yetu imehifadhi kumbukumbu za safari hizi, ingawa si zote za kuaminika. "Bustani" ni neno la Kiajemi. "Pamba" pia. "Tambuu" limetoka kwenye Kisanskriti na kupitia Kiarabu. Hayo yanakubaliana na ramani. Lakini "mahindi" yanajidai ni ya India wakati ni ya Amerika. Na mkwaju, ambao Waarabu huuita tende ya India, asili yake ni Afrika hii hii.

Maana usije ukadhani kwamba sisi tulikuwa wapokeaji tu. Mtama, uwele na kunde viliondoka Afrika kwenda India zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Mibuyu mikubwa inayoonekana leo kwenye bandari za kale za India ilitoka Afrika, na utafiti wa vinasaba wa mwaka 2015 umethibitisha hivyo. Mbaazi nazo zilikuja kutoka India, tukazilima hapa miaka mia kadhaa, na leo tunawauzia haohao Wahindi. Mwaka 2017 India ilipoweka ukomo wa mbaazi zinazoingia nchini kwao, bei ilianguka na wakulima wa kusini wakaumia. Ile njia ya bahari ya 1505 bado iko wazi, na bado ina wenye nguvu na wasio na nguvu.

Mti unaobomoa na mti unaoshikilia

Kwa nini nakuchosha na haya yote mwaka huu? Kwa sababu Kilwa Kisiwani na Songo Mnara viliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981, mwaka 2004 vikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na mwaka 2014 vikatolewa baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Na moja ya hatari zilizotajwa ilikuwa ni mimea.

Hatari hiyo ni ya kweli. Ndege anakula tunda la mti wa jamii ya mkuyu, anatua juu ya ukuta, anaacha mbegu kwenye ufa. Mzizi unaingia kutafuta unyevu, unanenepa, na ukuta uliostahimili karne saba unapasuka. Ukijaribu kuung'oa mzizi mzima kwa nguvu, unaweza kuondoka na ukuta wenyewe.

Lakini pale Husuni Kubwa, juu ya jabali, kuna kitendawili. Mvua inaumomonyoa ukingo wa jabali, na majani na miti iliyoota pale ndiyo inayopunguza kasi ya maji. Mimea hiyohiyo mizizi yake inavunja kuta. Ukiifyeka yote, umelinda ukuta na kuliachia jabali liporomoke. Ukiiacha yote, umelinda jabali na kupoteza ukuta. Kule chini ufukweni, mikoko inavunja nguvu ya mawimbi yaliyokwisha kula upande wa bahari wa Gereza. Hapo mti ni mlinzi moja kwa moja.

Kwa hiyo swali la "tukate au tusikate" haliwezi kujibiwa kwa jumla. Linajibiwa mti kwa mti. Na ndiyo maana ninasema kabla ya panga, daftari. Kwanza ujue ni mti gani, umeota wapi, mizizi yake inafanya nini, na je, ni mwitu aliyeletwa na ndege au ni mjukuu wa bustani? Mlimau uliosimama peke yake karibu na kisima kilichofukiwa, au mbuyu mkubwa penye makazi ya zamani ambapo watu walikula ubuyu na kutupa kokwa, ni ushahidi sawa na kigae. Kigae ukikikosa leo utakichimba kesho. Mti ukishakatwa, umekatwa.

Habari njema ni kwamba mbinu za kusoma bustani zilizokufa zipo. Ndani ya seli za mimea mingi, hasa nyasi, minazi na migomba, kuna chembe ndogo sana za silika zinazochukua umbo la seli. Mmea ukioza, chembe hizo hubaki kwenye udongo kwa karne nyingi, na kwa darubini mtaalamu anaweza kutambua jamii ya mmea. Kwenye Songo Mnara, jirani kabisa na Kilwa, tangu mwaka 2009 wanaakiolojia wamekuwa wakichunguza udongo wa maeneo ya wazi kati ya nyumba, yale ambayo zamani wachimbaji waliyaruka kwa sababu "hayana kitu".

Ukipata nafasi ya kwenda, panda boti pale Kilwa Masoko, ni mwendo mfupi. Msikilize mwongozaji akieleza habari za kuba na mihrabu. Kisha muulize na majina ya miti, muulize ipi inapandwa na ipi inaota yenyewe, na babu zao waliitumiaje. Andika. Wenyeji wa kisiwa kile wanaijua miti yao kuliko kitabu chochote, na maarifa hayo nayo, kama kipando cha mtambuu, yanaishi kwa kupokezana tu.